Karafuu na tyubu ya fangasi kwa pamoja: nimepona au nimejidanganya?

#1 BodaWaMabawa
Wakuu salaam. Mimi bodaboda, kijiwe changu Mabawa hapa Tanga. Tangu masika nilikuwa na fangasi za mapajani, zile za duara zinazotanuka pembeni huku katikati panabaki peusi. Kutwa uko juu ya pikipiki na jinzi, jasho, mvua ikikukuta Pongwe unarudi umelowa mpaka ndani. Mnaelewa. Nimepaka tyubu tatu. Inapoa wiki moja, inarudi na ndugu zake.

Mwezi uliopita nikaenda Muheza kwa bibi. Akanipa mafuta ya karafuu, akasema tia kidogo kwenye mafuta ya nazi, paka hayo kwanza, yakikauka ndiyo upake tyubu ya klotrimazo juu yake. Leo wiki ya tatu, kumekauka kabisa, imebaki alama nyeusi tu.

Swali langu: ni karafuu, ni tyubu, au zote mbili zimeshikana mikono? Kuna mwenzangu kijiweni ana yaleyale, anataka nimgawie. Sitaki kumuunguza mtu sehemu zile.

#2 Pwani_Tulivu
"Sehemu zile." Nimekaa pale nasoma maoni.

#3 MwarobainiMbele
Ni karafuu hiyo, usijiulize mara mbili. Dawa za dukani kazi yake kutuliza ili urudi kununua. Bibi zetu walitibu mapunye, choa na utangotango kabla hata neno tyubu halijafika bandarini. Mwenzako mpe na mwarobaini juu yake, majani yachemshwe aogee.

#4 DukaLaKona
Mleta mada, mimi nauza dawa, kwa hiyo wenye kusema natetea biashara semeni mapema. Hizo tyubu tatu ulizipakaje? Kila moja siku ngapi?

#5 BodaWaMabawa
Ukweli ukweli? Ya kwanza siku tano hivi, kuwasha kukaisha nikaacha. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu sikumbuki, nusu alichukua kaka.

#6 DukaLaKona
Basi uzi ungeweza kuishia hapa. Klotrimazo ya ngozi inapakwa mara mbili kwa siku wiki 2 mpaka 4, na ngozi ikishasafika unaendelea wiki moja au mbili zaidi. Unapaka mpaka nje ya duara, kama upana wa vidole viwili, kwa sababu pembeni pale ndipo kuvu anapotembelea. Wewe ulikuwa unapaka mpaka kuwasha kukome. Kuwasha kunakoma mapema, kuvu bado yumo. Safari hii kwa sababu ni dawa ya bibi umepaka wiki tatu bila kukosa. Umemheshimu bibi kuliko ulivyoniheshimu mimi.

#7 Pwani_Tulivu
#6 hiyo sentensi ya mwisho ina kidonda ndani yake.

#8 SahaniYaVishimo
Nilifanya kazi maabara kabla sijahamia kwenye machungwa, ngoja nimtetee bibi kidogo.

Habari ya kuchanganya dawa ya kuvu na kitu cha mmea inapimwa kweli, na inapimwa hivi. Una sahani ya plastiki ndogo kama kiganja, ina vishimo 96. Ukienda kulia unapunguza dawa nusu kwa nusu. Ukishuka chini unapunguza mafuta ya mmea nusu kwa nusu. Kila kishimo unatia kuvu, unasubiri siku kadhaa maana hawa wa ngozi wanaota polepole, kisha unaangalia kishimo kipi kimebaki safi.

Mfano wa kujitungia: dawa peke yake ilihitaji 8 kumzuia kuvu, ikiwa na karafuu imehitaji 2. Hiyo ni robo. Karafuu peke yake ilihitaji 400, ikiwa na dawa imehitaji 100. Robo nyingine. Robo na robo ni nusu. Ikifika nusu au chini ya hapo wanaandika kwamba vimesaidiana. Ikizidi 4 vinapingana. Katikati hapo kila mtu na lake, hakuna aliyemsaidia mwenzake wala kumzuia.

Kwa nini visaidiane? Klotrimazo inamzuia kuvu asitengeneze ergosteroli, mafuta yanayoushika utando wa seli yake. Terbinafini, dawa nyingine ya kuvu, nayo inazuia kazi hiyohiyo ila hatua ya mapema zaidi. Sasa eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, inauharibu utando wenyewe. Mmoja anamnyima fundi saruji, mwingine anabomoa ukuta uliokwisha simama. Isitoshe, kuvu wana pampu za kutemea dawa nje, na baadhi ya vitu vya mimea vinazilemaza pampu hizo.

#9 MwarobainiMbele
Mmesikia? Sayansi imekubali.

#10 SahaniYaVishimo
Sayansi imekubali kwenye kishimo cha plastiki. Mapaja ya Boda hayana kishimo.

#11 MtaniWaKinondoni
Tanga bwana! Karafuu, mafuta ya nazi, mkaanze na vitunguu kabisa. Hiyo fangasi au pilau? Waja leo waondoka leo, na fangasi nayo imekuja ikapikwa ikaondoka.

#12 BintiMakorora
#11 ninyi huko Dar mnapaka nini, mafuta ya taa?

Mimi niseme yangu. Fangasi za vidole vya miguu zilinishika nikiwa nafanya kazi ya kuparua samaki, miguu majini toka alfajiri. Mama akanipaka hina katikati ya vidole jioni, asubuhi napaka tyubu. Zikaisha. Na kwenye singo la bibi harusi karafuu imo, liwa imo, mawaridi yamo, ngozi inatoka safi. Kwa hiyo #1 siyo wa kwanza. Ila hina iwe hina. Dada yangu alipaka piko, ile nyeusi, miguu ikavimba malengelenge wiki nzima na harusi ikampita amelala.

#13 MzeeWaBarabaraYaKumi
Salaam kwa wote. Vijana mnazungumza kama kuchanganya kumeanza jana. Sisi tuliokulia Ngamiani tulipakwa Whitfield. Mafuta mazito meupe, yanachoma kama pilipili, ngozi inabanduka kama ya nyoka, na fangasi inaondoka nayo. Mle ndani hamna dawa moja bali mbili: asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Ya kwanza inamzuia kuvu, ya pili inaivua ngozi ya juu aliyojificha. Daktari Arthur Whitfield wa Uingereza aliileta mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo ipo.

Na hizo asidi zote mbili asili yake ni mimea. Salisiliki jina lake limetoka kwenye mti wa Ulaya uitwao kwa Kilatini Salix. Benzoiki imetoka kwenye ubani. Ubani huuhuu tunaofukiza Alhamisi jioni.

#14 Kilwa_Yote
Mzee shikamoo. Umesema vizuri ila kuna kosa dogo. Siyo ubani huuhuu. Ule tunaofukiza ni wa Somalia na Omani, mti wake Boswellia. Benzoiki imetoka kwenye ubani jawi, utomvu wa miti ya Styrax ya Sumatra. Waarabu waliuita luban jawi, ubani wa Jawa, Wazungu wakalimumunya neno mpaka likawa benzoin. Na siku hizi asidi yenyewe inatengenezwa kiwandani, hakuna anayegema mti.

#15 MzeeWaBarabaraYaKumi
Marahaba. Ahsante, nimekubali. Nyumbani kwetu zote zilikaa mkebe mmoja.

#16 MwarobainiMbele
Iwe Jawa iwe Omani, ni mmea. Ndicho nilichosema tangu #3.

#17 DukaLaKona
#16 na griseofulvini, ile ya vidonge ya mapunye ya watoto? Imetoka kwa kuvu. Kuvu aina ya Penicillium, tangu 1939. Dawa ya kuvu aliyoitengeneza kuvu. Tuseme basi kuvu ndiye mganga?

#18 Pwani_Tulivu
Hapo #16 amepigwa na kitu kizito.

#19 DadaWaWodini
Mimi muuguzi. Naomba kila mtu arudi kwenye tyubu yake akasome maandishi ya nyuma. Boda, zile tatu zilikuwa klotrimazo tupu au ilikuwa na majina mengine? Ukiona betamethasoni au klobetasoli humo ndani, hiyo ni steroidi. Inaondoa kuwasha siku mbili tatu unashukuru Mungu, huku inaishusha kinga ya ngozi na kuvu anatanda kwa raha zake. Duara linapoteza umbo, hata daktari anachanganyikiwa.

#20 BodaWaMabawa
Nimepekua begi. Ya pili ina majina matatu, la katikati ndiyo hiyo betamethasoni. Nyingine mbili klotrimazo tupu. Ya sasa pia tupu.

#21 DadaWaWodini
Haya sasa. Nani kasema ni karafuu? Umeacha steroidi.

#22 DukaLaKona
Ni siku za kupaka. Nimeshasema.

#23 MvuviMstaafu_Mwambani
Mnasahau jambo. Kijana ameugua masika, amepona kipupwe. Sasa hivi upepo wa kusi unavuma, usiku baridi, nguo zinakauka mchana mmoja. Sisi baharini fangasi za kwapa na mapaja tunazijua kwa majira. Mvua zikianza zinakuja, kusi ikikaza zinapungua, hujapaka kitu. Tena mwambieni avae msuli akirudi nyumbani, jinzi iliyolowa aivue.

#24 BodaWaMabawa
Mzee umenipata, bibi aliniambia hilo pia. Nikirudi natupa jinzi navaa kikoi.

#25 Pwani_Tulivu
Kwa hiyo washukiwa mpaka sasa: karafuu, nazi, tyubu, siku za kupaka, kuacha steroidi, upepo wa kusi, na kikoi. Polisi wangekamata wote.

#26 SahaniYaVishimo
Nazi usiitaje kwa utani. Mafuta yanalainisha ngozi, na vitu vya jamii ya karafuu vinajulikana kupitisha dawa kwenye gamba la juu la ngozi. Inawezekana karafuu haikuua kuvu hata mmoja, ilifungua mlango tu klotrimazo ikaingia.

Lakini upande wa pili: krimu ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja. Ukiikorogea mafuta zaidi kiganjani inakatika, kama tui lililoachwa motoni. Na klotrimazo ya asilimia 1 ukiichanganya nusu kwa nusu na nazi umebaki na nusu asilimia. Bibi alikuwa na akili kusema paka moja, subiri, paka nyingine.

#27 Msambaa_Lushoto
Ndugu zangu wa tambarare, mbona mnashangaa mseto? Malaria tunatibu na nini? Dawa mseto. ALU nusu yake imetokana na mmea wa Kichina, pakanga, nusu ni ya kiwandani, na tangu 2006 tulipoachana na SP, dawa ya malaria ya zamani, ndiyo tegemeo la nchi. Na pale Amani juu ya Muheza Wajerumani walifungua kituo 1902 wakapanda mpaka mikwinini. Mmea na kiwanda wanakunywa kahawa pamoja siku nyingi.

#28 DukaLaKona
#27 mfano mzuri, ila malizia. Kwenye mseto wa malaria kila kidonge kina kipimo chake, kimejaribiwa kwa watu, na vitu viwili vimechaguliwa kwa sababu mmoja unafanya haraka na kuisha, mwingine unabaki siku nyingi kufagia. Mafuta ya karafuu ya Boda yamo kwenye chupa ya nini?

#29 BodaWaMabawa
Ya dawa ya kikohozi. Nimeiosha.

#30 BintiMakorora
Nimecheka peke yangu dukani watu wananiangalia.

#31 MsomiWaUsiku
Naleta kitu kigumu kidogo. Klotrimazo kushindwa siyo lazima kosa la mpakaji. Kuna kuvu anaitwa Trichophyton indotineae, alipewa jina hilo 2020, alivuma India na sasa ameonekana Ulaya na Marekani pia. Wengi wao terbinafini haiwagusi, kwa sababu sehemu ile ambayo dawa inang'ang'ania imebadilika umbo. Na inasemwa krimu za steroidi, hizi za #19, zimechangia sana kumlea. Ndiyo maana watu wa maabara wanahangaika na karafuu, timoli, mdalasini na kitunguu saumu. Siyo mapenzi ya asili. Dawa za kuvu zenyewe ni aina chache, ukipoteza moja umepungukiwa kweli.

Wala majaribio ya watu hayakosekani. Venezuela miaka ya 1990 walipaka ajoini ya kitunguu saumu kwenye fangasi za miguu ikafanya kazi. Na 1999 ilitoka habari ya watu 60 wenye fangasi za kucha za miguu: kundi moja krimu ya butenafini (dawa ya kuvu) asilimia 2 pamoja na mafuta ya Melaleuca, mti wa Australia, asilimia 5, kundi jingine krimu isiyo na dawa. Baada ya wiki 16 asilimia 80 ya waliopaka mchanganyiko walipona, upande wa pili hakuna hata mmoja.

#32 MwarobainiMbele
Asilimia 80 kwa sifuri! Fungeni uzi.

#33 SahaniYaVishimo
Usifunge. Soma makundi tena. Kundi la butenafini peke yake liko wapi? La mafuta peke yake? Hayapo. Tunajua mchanganyiko umeshinda kitu kisicho na dawa. Hatujui nani kati ya wawili alibeba mzigo. Ni swali lilelile la #1, ila lina watu 60 badala ya mmoja.

#34 MsomiWaUsiku
Hapo sina la kujibu. Kweli.

#35 KijanaWaDonge
Mimi nilisikia kitunguu saumu, nikaponda nikabandika kwenye choa mkononi, nikafunga kitambaa nikalala. Asubuhi ngozi imetoka kama ganda la nyanya. Kovu ninalo mpaka leo, duara zuri kuliko la fangasi yenyewe. Na mjomba wangu alipaka ndimu kisha akaenda kuvua jua kali, akababuka mistari mieusi shingoni.

#36 DadaWaWodini
Pole. Ndimu na jua haviendani, ngozi inaungua kweli. Karafuu nayo ni kali, daktari wa meno anaitumia kwa tone, ile harufu ya kwenye kiti chake ndiyo hiyo. Mwenye kulazimika, tone moja kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ajaribu kwanza mkononi kwa ndani asubiri siku nzima. Kwenye kinena ngozi ni nyembamba.

Mapunye ya mtoto kichwani msipake chochote mkategemea kupona, kuvu yumo ndani ya shina la nywele, anahitaji dawa ya kunywa. Na baka lisilowasha, lililopauka, ukilichoma na sindano husikii, hilo nenda kituo cha afya likaangaliwe ukoma. Dawa zake ni bure.

#37 MamaWatatu
Dada asante. Hiyo griseofulvini niliambiwa nimpe mtoto na chakula chenye mafuta, nikadhani utani.

#38 DukaLaKona
Siyo utani, inaingia mwilini vizuri zaidi na mafuta. Wali wa nazi unatosha. Huo ndio mchanganyiko wa mmea na dawa ya kuvu ambao sina ugomvi nao.

#39 MtaniWaKinondoni
Nilisema pilau mkanicheka!

#40 KahawaTungu
Mimi nilikuwa nakunywa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na vidonge vya kuvu vya ketokonazoli kwa pamoja. Kuna tatizo?

#41 DukaLaKona
Lipo. Ketokonazoli ya kunywa Ulaya waliisimamisha 2013 kwa ajili ya ini, Marekani wakaibana mwaka huohuo. Pilipili manga nayo inaweza kupunguza kasi ya mwili kuzitoa baadhi ya dawa, zikakaa ndani kuliko ilivyokusudiwa. Kupaka ni jambo moja, kumeza ni jambo jingine. Acha, nenda ukapimwe ini.

#42 KahawaTungu
Duh. Sawa.

#43 MzeeWaBarabaraYaKumi
Kuna mti mwingine hamjautaja. Maua ya manjano yamesimama wima kama mishumaa, majani mapana, unaota kwenye mitaro. Tulisugua majani yake kwenye choa.

#44 MsomiWaUsiku
Senna alata huo, mzee. Ufilipino serikali yao imeuweka kwenye orodha ya mimea kumi ya dawa, wanautumia kwa fangasi za ngozi.

#45 MwarobainiMbele
Kumi tu? Mwarobaini peke yake arobaini.

#46 SahaniYaVishimo
Nina wazo, kama mwenzake Boda yuko tayari. Ana fangasi mapaja yote mawili? Paja la kulia klotrimazo tupu, la kushoto karafuu na nazi kisha klotrimazo. Siku zilezile, kikoi kilekile, upepo uleule. Wiki nne. Ndiyo kundi lililokosekana kwenye #31.

#47 BodaWaMabawa
Nimemwambia, amekubali. Amesema nimlipie tyubu.

#48 DadaWaWodini
Aanze kwa kukwanguliwa kwanza maabara wahakikishe ni kuvu. Magamba kidogo, tone la dawa, wanaangalia kwenye hadubini, wanakujibu.

#49 BodaWaMabawa
Amekwanguliwa. Ni fangasi kweli. Kaanza jana usiku.

#50 Pwani_Tulivu
Siku ya tisa leo. Mrejesho?

#51 BodaWaMabawa
Wakuu, kuna shida. Kushoto kumepoa, kulia bado kunawasha. Nikataka kuja kutangaza. Nikamuuliza vizuri, anasema anapaka mbele ya kioo.

#52 SahaniYaVishimo
Ngoja. Kushoto kwake au kushoto kwa kioo?

#53 BodaWaMabawa
Ndipo tulipokwama. Na mke wake amesema siku ya nne alimwona amepaka karafuu kote kwa sababu ya harufu nzuri.